Sentensi ya darubini

Mbukwa, mwanangu,

Sisi huku shambani hatujambo, mama yako anakusalimu sana.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mlipewa "The guard saw the boy with the binoculars", wewe ukaandika kuwa darubini anayo mlinzi, mwenzako akaandika anayo mvulana, wote mkapata nusu. Sasa unasema Kiingereza kimekushinda. Hapana, mama. Kila mmoja aliona upande mmoja wa sentensi. Humo hakuna neno gumu. Yale maneno ya mwisho ndiyo yanaweza kushikana na kuona, au na mvulana.

Sentensi ya namna hiyo iliniponza mimi. Ulikuwa bado mdogo, mavuno ya Machi. Mnunuzi mmoja alibandika tangazo: "We will pay the farmers who deliver grapes on Friday." Nikaelewa tunalipwa Ijumaa. Jumanne nikakata zabibu, nikapeleka kreti 12. Kumbe alimaanisha watakaoleta zabibu siku ya Ijumaa, siku ya lori lake. Zabibu ikishakatwa haiongezeki utamu, inaharibika tu. Siku tatu kwenye joto lile, zikaanza kuvuja maji na kujaa nyuki. Niliumia sana, kwa sababu tangazo nilikuwa nimelisoma vizuri. Kama malipo ndiyo yangekuwa Ijumaa, angetanguliza "On Friday" mwanzoni. Lakini kwa kuwa Ijumaa ilikuwa siku ya kuleta zabibu, angeandika "Grapes must be delivered on Friday", basi, nisingekosea.

Na usidhani Kiswahili kimepona. "Tutawalipa wakulima watakaoleta zabibu Ijumaa" ina shimo lilelile. Ila kuna mahali ngeli zinatuokoa, nami hapo huwa nafurahi kweli. Mwingereza akisema "new grape crates", kipya ni kipi? Sisi tunasema makreti mapya ya zabibu, au makreti ya zabibu mpya, na hata mtoto wa darasa la kwanza hapotei.

Kwa hiyo ukikutana na sentensi inayokuchanganya, shika kile kipande cha mwisho ujiulize kinamhusu nani. Kihamishe mbele uone kama maana inabadilika. Mtihanini andika maana zote mbili, kisha uandike upya sentensi kwa kila maana.

Mkipewa nyingine niandikie, nami nijaribu.

Baba yako,
Mpunguzi, Dodoma