Kabla hamjanihesabia glasi, nionyesheni choo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu makala ya ukurasa wa afya ya wiki iliyopita, ile iliyotutaka watu wazima wote tunywe glasi nane za maji kila siku, ikatuita wazembe sisi tusiozifikisha. Mimi ni mmoja wa wazembe hao. Huu ni mwaka wa kumi na tisa naanika dagaa kwenye mwalo mmoja, pale mitumbwi inaposhushia samaki, wa hapa Kigoma Ujiji. Jina la mwalo naliacha, kwa sababu nitakayoyasema yanafanana na ya sehemu nyingine nyingi, na sina nia ya kugombana na mtu ninayepishana naye kila alfajiri.

Kwanza niwaeleze kazi yenyewe, maana wengi mnakula dagaa bila kujua wamepita mikono ya nani. Siku za giza, mwezi usipoonekana, wavuvi wanaingia ziwani na taa usiku kucha. Kukipambazuka wanarudi, na sisi wanawake tumeshafika na mabeseni yetu tunawasubiri. Tukishanunua tunawamwaga kwenye chanja na kuwatandaza kwa viganja, mmoja asimlalie mwenzake. Kuanzia hapo huondoki. Ukiondoka kuna kunguru, kuna mbuzi, kuna vitoto vinavyopita vikichota kiganja kimoja kimoja, na kuna wingu. Wingu ndilo tunaloliogopa kuliko vyote hivyo. Dagaa akinyeshewa akiwa nusu mkavu ananuka, na mzigo wote utauuza bei ya chakula cha kuku.

Kilo nne za dagaa wabichi, jua likiwa zuri, zinanibakizia kilo moja na kidogo. Zile zilizopotea ni maji. Kwa hiyo kwamba mwili wa kiumbe ni maji mimi nilikuwa nalijua kabla ya makala yenu. Nimesomesha watoto wanne kwa kuyatoa hayo maji. Na jua linalomkausha dagaa halina macho. Linanipiga na mimi niliyeinama juu yake, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi.

Pamoja na hayo, kwa miaka mingi nilikuwa natoka nyumbani Gungu na kikombe kimoja cha chai tumboni, na tone la maji siligusi mpaka jioni. Wenzangu wengi vivyo hivyo. Mtu angeweza kusema hatujui faida ya maji. Tunaijua. Tatizo letu ni kwamba maji yakiingia yanataka kutoka.

Choo cha mwaloni kwetu kiko mwendo wa dakika kumi kupanda juu, nyuma ya mabanda ya kutengenezea injini. Matundu mawili, wanaume na wanawake humo humo. Mlango mmoja hauna komeo, unauvuta kwa mkono wa kushoto huku umechuchumaa, na wa kulia umekusanya kanga isiguse chini. Mlango wa pili haupo kabisa, kuna gunia. Nje anakaa kijana wa kukusanya shilingi 200, na ukimpa 500 chenji hana, atakwambia utaihesabu ukirudi. Kwenda, kupanga foleni na kurudi ni nusu saa. Nusu saa hiyo dagaa wangu ananiangalizia nani? Jirani, ndiyo, lakini jirani naye ana chanja sita.

Sasa piga hesabu. Mtu anayekunywa vizuri kwenye jua lile ataomba njia mara nne au tano mpaka jioni. Ni kama shilingi elfu moja ya choo, na saa mbili au zaidi nimeacha mzigo. Kuna siku faida yangu nzima haifiki elfu tano. Wanaume hesabu hii haiwahusu, wao wanazunguka nyuma ya mtumbwi na wamemaliza. Wana ziwa zima. (Na ziwa hilo hilo ndilo tunaloogea na kuoshea vyombo. Hapa mkoani hatujasahau mwaka 2015, wakimbizi kutoka Burundi walipojaa kijiji cha Kagunga, ufukweni mwa ziwa hili, kwa maelfu, vyoo hakuna, na kipindupindu kikawaingia.) Mwanamke yeye anabana. Anabana asubuhi, anabana mchana, na njia nyepesi ya kubana ni kutokunywa.

Mwili ulidai. Kichwa kilikuwa kinaniuma kila siku ikifika saa nane, na nilizoea kumeza vidonge vya maumivu kama karanga. Mkojo wa jioni ulikuwa na rangi ya chai ya rangi, tena iliyokolea. Mwaka 2023 nikaugua UTI, maambukizi ya njia ya mkojo, mara tatu. Anayeujua ugonjwa huo anajua: unakwenda haja ndogo yanatoka matone mawili, na hayo mawili yanaunguza kama pilipili. Kila safari ya matibabu na dawa ilinila siku ya kazi na fedha juu.

Mara ya kwanza na ya pili niliulizwa na daktari, "Mama, unakunywa maji glasi ngapi kwa siku?" Nikamwambia mimi glasi situmii, natumia kikombe cha plastiki. Hakucheka. Akaandika kwenye karatasi: maji, lita tatu. Nikarudi mwaloni na karatasi yangu.

Nilijaribu ujanja. Mchana nisinywe, jioni nikifika nyumbani ninywe lita mbili kwa mpigo kufidia. Nikaamka mara nne usiku ule, na kesho yake saa nane kichwa kikauma kama kawaida. Maji si mahindi, huwezi kuyaweka ghalani. Mwili ukishapata unayohitaji, ya ziada figo zinayatoa, na uwezo wake nao una mpaka: kwa saa moja hazivuki sana lita moja. Anayejimiminia kupita hapo kwa masaa anaweza kuishusha chumvi ya damu mpaka akachanganyikiwa au kupoteza fahamu. Wakimbiaji wa mbio ndefu yamewapata.

Hayo ya figo nimeyapata kwa binti yangu wa pili, aliye chuo cha uuguzi. Likizo alipokuja nilimwonyesha ile karatasi ya lita tatu, akaniuliza kama nilielezwa ni pamoja na chakula au bila chakula. Nikamwambia hakuna aliyenieleza. Ndipo akanisomea habari za hizo glasi nane. Chanzo kinachotajwa sana ni bodi moja ya lishe ya Marekani, ambayo mwaka 1945 iliandika kwamba mtu mzima anahitaji kama lita mbili na nusu za maji kwa siku, mililita moja kwa kila kalori ya chakula. Sentensi iliyofuata ilisema sehemu kubwa ya maji hayo imo tayari ndani ya chakula. Watu wakaibeba ya kwanza, ya pili ikaachwa njiani. Mwaka 2002 profesa mmoja wa huko huko, Heinz Valtin, aliyebobea mambo ya figo, alipekua maandiko ya kitaalamu kutafuta ushahidi wa glasi nane kwa kila mtu mzima mwenye afya. Hakuupata.

"Kwa hiyo ni ngapi?" nikamuuliza. Akasema mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya mwaka 2010 iliweka lita mbili kwa mwanamke na mbili na nusu kwa mwanamume, na anayenyonyesha aongeze kama mililita 700. Humo wamehesabu kila kitu: maji, chai, uji, maziwa, na yaliyomo kwenye chakula. Ugali wenyewe zaidi ya nusu yake ni maji. Mchicha, papai na tikiti ndiyo usiseme. Ila, akasema, kipimo hicho ni cha mtu anayeishi kwenye hali ya hewa ya wastani na kufanya kazi ya wastani.

"Wastani ndiyo upi?"

"Si wa mwaloni, mama."

Mtu wa kazi ngumu juani anaweza kutoka jasho hata lita moja kwa saa, na hilo linatakiwa kurudi. Ndiyo maana akanikataza kuhesabu vikombe. Akaniambia nisikilize kiu, na niangalie rangi: mkojo ukiwa wa njano iliyofifia, niko sawa, ukirudi kwenye chai ya rangi, nimechelewa. Wazee ndio wasiitegemee kiu, kwa kuwa kwao inafifia na umri. Hapo nilimwona mwanangu amekuwa mtu mzima, lakini tuyaache hayo.

Akanisomea na jingine lililonigusa zaidi. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2018 uliwafuata kwa mwaka mzima wanawake 140 waliokuwa wakiugua UTI mara kwa mara na kunywa maji kidogo. Nusu yao waliongeza lita moja na nusu kwa siku, nusu wakabaki walivyokuwa. Walioongeza waliugua wastani wa mara 1.7, wenzao mara 3.2. Nikamuuliza hao wanawake vyoo vyao vilikuwa na komeo? Akasema hilo halikuandikwa.

Mimi aliyewahi kuniuliza habari za choo ni muuguzi mmoja tu, mwanamke mtu mzima, nilipougua mara ya tatu. Alinitazama mikono, akaona magamba ya dagaa, akasema, "Dada, kazini kwenu choo kikoje?" Nilishindwa kumjibu haraka. Miaka yote hiyo nimeulizwa naingiza nini, kabla yake hakuna aliyewahi kuuliza natoa wapi.

Kisha ukaja mwaka 2024, Ziwa Tanganyika likafungwa kwa uvuvi miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Miezi ile ilikuwa migumu, sitaki mtu adhani naisifia. Nilikaa Gungu nauza maandazi mlangoni kwangu, faida ya kununulia chumvi. Lakini mtungi ulikuwa pembeni na choo changu hatua kumi na tano nyuma ya nyumba. Nilikuwa nakunywa nikisikia kiu, basi, sikuhesabu. Kichwa kikaacha kuuma ndani ya wiki. UTI haikurudi miezi yote mitatu. Mwili ni ule ule, umri ule ule, na elimu ya maji haikuongezeka hata kidogo. Kilichobadilika ni umbali wa choo.

Kuna watakaosema mbona Ramadhani mnafunga na kazi mnafanya. Tunafunga, na Mungu anatupa nguvu. Ila daku tunakula na kunywa, magharibi tunafuturu, na ni mwezi mmoja. Kiu ya funga nina thawabu nayo. Hii ya mwaloni thawabu yake ilikuwa kuungua.

Jambo jingine kwa mwandishi wa ile makala. Baba mkwe wangu moyo umetanuka, miguu inamvimba. Daktari wake amempangia asivuke lita moja na nusu kwa siku, chai na uji vikiwemo, na tumemwekea chupa anajipimia mwenyewe. Alisomewa makala yenu akaanza kunung'unika kwamba tunamnyima maji wakati gazeti limesema glasi nane. Siku mbili tulibishana na mzee. Mngeongeza mstari mmoja tu, kwamba mwenye ugonjwa wa moyo au figo afuate alichoambiwa na daktari wake, mngetuokoa na mengi.

Ombi langu ni kwa wanaotukusanyia ushuru. Kila mzigo unaotoka mwaloni unalipiwa, na risiti tunazo, mimi ninazo mfuko mzima. Humo hakuwezi kukosekana fedha za matundu mawili ya wanawake, karibu na chanja, yenye mlango, komeo na ndoo ya maji? Hatuombi vigae. Na waganga wetu, mkimwandikia mama wa sokoni, wa stendi au wa mwaloni lita tatu, muulizeni kwanza lile swali la yule muuguzi.

Wakati tunangoja, wanawake tisa tumejitengenezea yetu. Kuna bibi ana nyumba jirani kabisa na chanja, choo chake cha shimo lakini kisafi. Tunampa shilingi elfu mbili mbili kwa mwezi kila mmoja, na zamu ya kumjazia pipa lake la maji. Tumekubaliana pia anayekwenda, mwenye chanja ya kulia kwake ndiye mlinzi, bila kuombwa. Maji ya kunywa nachemsha usiku, nakuja nayo kwenye dumu la lita tatu nililolifunga gunia bichi lisipate moto, na jioni huwa limebaki na kidogo la kunawia. Ufunguo wa choo unaning'inia kwenye msumari wa nguzo ya chanja yangu, tumeufunga kipande cha wavu usipotee mchangani.

Jana nilikwenda mara nne.

Mwanika dagaa,
Gungu, Kigoma