Barua imefika, boksi limenitumia meseji

Mambo vipi rafiki yangu,

Meseji yako niliiona, nikasema nisikujibu kwa mistari miwili mitatu maana hili suala lina mambo yake, bora nikuandikie barua kabisa utulie uisome taratibu. Umeniuliza kama hii sensa ya boksi la barua, yaani kile kidude kinachohisi boksi likifunguliwa na kukuletea meseji kwenye simu, inafaa kweli au ni ugonjwa wa sisi tunaopenda vidude tu. Inafaa, tena sana, ila wewe unawaza siku ile barua ikifika simu inalia, mi nakuambia utamu wenyewe uko zile siku ambazo hakijafika kitu. Simu iko kimya na wewe unajua kabisa boksi ni tupu, hutoki na mvua kwenda kuchungulia, humtumi mtu. Sasa huo ukimya ndo wa kuupigania, kwa sababu sensa iliyokaa kimya kwa kuwa hamna barua na sensa iliyokaa kimya kwa kuwa imekufa, ukiziangalia kwenye simu zinafanana vilevile, huwezi kujua ipi ni ipi. Karibu kila ntakachokuandikia hapa chini kinatokana na hilo.

Zenyewe zinavyofanya kazi ni rahisi. Nyingi ni zilezile za milangoni na madirishani, vipande viwili, kimoja ni sumaku tupu kingine kina betri na redio. Ndani ya hicho chenye betri mara nyingi kuna kibomba kidogo cha kioo, na ndani yake vibapa viwili vya chuma vimekaribiana bila kugusana, sumaku ikisogea vinashikana, ikienda mbali vinaachana, basi, hamna kingine. Jamaa mmoja wa Bell Labs, ile maabara ya utafiti wa simu ya Marekani, Walter Ellwood, ndo alikibuni mwaka 1936 na mpaka leo tunakitumia. Mlango wa boksi ukifunguliwa sumaku inaachana na mwenzake, redio inaamka, inapiga kelele mara moja kwa habu yako huko ndani, yaani kile kifaa kinachopokea ujumbe wa sensa zote za nyumba, habu inaitumia simu meseji, redio inalala tena.

Kuna za aina nyingine, utaziona ukianza kutafuta. Zile za mtikisiko mi sizipendi kwa boksi la nje, lori likipita au upepo ukivuma unaletewa barua hewa, na ukishadanganywa hivyo wiki nzima utaizima tu. Zile za kuhisi kitu chenye joto kinachosogea zinafaa kama boksi lako halina mlango, lina tundu tu la kutumbukizia, ila zinataka zikae zinaangalia pale mkono unapopita na zisipigwe jua moja kwa moja maana nazo zinachanganyikiwa. Kwa boksi lako lenye mlango chukua ya sumaku, usijisumbue.

Haya, sasa tuje kwenye mwiba wenyewe. Boksi lako ni la bati. Mwaka 1836 Michael Faraday alijenga chumba akakizungushia karatasi ya metali pande zote, akakipiga umeme mkali kwa nje, vifaa alivyoweka ndani havikuonyesha kitu. Boksi lako mlango ukifungwa ni chumba hichohicho kwa udogo wake, na mawimbi ya redio yanapata shida kutoka, yanapenya kidogo tu kwenye nyufa za mlango. Ila angalia hapa panapowachanganya watu: ujumbe unatumwa mlango ukiwa WAZI. Kwa hiyo siku ya kwanza unaifunga, unafungua mlango kujaribu, simu inalia, unafurahi, unaingia ndani ukiamini kazi imeisha. Halafu mlango unafungwa na sensa inakaa humo gizani masaa na masaa, ile salamu yake ya kusema "bado nipo" haitoki, habu inaihesabu imepotea, na yenyewe inahangaika kutafuta mtandao mpaka inamaliza betri bure. Siku tarishi anafungua mlango sekunde mbili na kuufunga, sensa ndo kwanza inajaribu kujiunga upya, na umeshaikosa. Ndo maana unawasikia watu wanasema "ilifanya kazi vizuri mwanzoni afu ikaanza uchizi", haijaanza uchizi, ilikuwa hivyo tangu mwanzo.

Dawa yake ni redio ikae nje ya bati. Ziko sensa zenye vituo viwili vidogo vya kufungia waya, yaani unaweka kile kibomba cha kioo peke yake ndani karibu na mlango, unapitisha waya mwembamba kwenye tundu dogo upande wa chini, na mwili wa sensa unaugandisha chini ya boksi kwa nje ambako mvua haiufikii sana. Ukitoboa weka mpira kwenye tundu, bati likibaki na makali litakata waya polepole na maji yataingia. Kama hutaki kutoboa, zipo zenye antena yake pembeni, unaitoa antena tu kupitia upenyo wa mlango. Na kitu kingine ambacho hakiandikwi kwenye pakiti za sensa: chuma kinavuta nguvu ya sumaku. Ukibandika sumaku moja kwa moja kwenye mlango wa bati, ule umbali wa sentimita moja na nusu hivi unaoahidiwa unapungua, na mlango ukilegea kidogo tu sensa inadhani umefunguliwa. Weka kipande cha plastiki chenye unene kidogo kati ya sumaku na bati, tatizo linaisha hapohapo.

Upande wa redio yenyewe ni hivi. Waifai ya sensa hizi na Zigbee, ule mtandao wa redio wa vifaa vidogo vya nyumbani, zote ziko gigahezi 2.4, wimbi lake lina urefu wa kama sentimita 12 na nusu, linasumbuliwa na kuta, miti iliyolowa, na waifai za majirani. Z-Wave, nayo ya vifaa vya nyumbani, iko chini zaidi, megahezi 868 kwa Ulaya na 908 kwa Marekani. Halafu kuna LoRa, redio ya masafa marefu, hiyo inatumia megahezi 433, 868 au 915 kutegemea nchi, inatuma taarifa kidogo sana na taratibu sana lakini inafika mbali ajabu, mamia ya mita na kuta zikiwa katikati haioni shida. Kwa wewe ambaye boksi liko huko getini na nyumba iko kule, mi nakushauri LoRa bila kupepesa macho. Kama lingekuwa limefungwa ukutani mwa nyumba ningekuambia Zigbee, na ungeweka plagi janja moja kwenye soketi iliyo karibu na ukuta huo maana vifaa vya Zigbee vinavyokula umeme wa ukutani vinapokezana ujumbe na kuufikisha kwa habu, zile za betri hazifanyi hivyo. Ukinunua LoRa angalia tu megahezi zake ziwe zile zinazoruhusiwa kwenye nchi unayokaa, usinunue kwa sababu ya picha nzuri.

Waifai najua ndo inakuvutia kwa sababu haitaki habu, unaiunganisha na rauta umemaliza. Jaribu kitu kimoja kabla hujatoa hela. Chukua simu, izime data, iache kwenye waifai ya nyumbani, ile ya gigahezi 2.4 sio ya 5, itie ndani ya boksi, funga mlango, afu mwambie mtu akupigie kupitia apu. Isipoita ushapata jibu lako. Na hata ikiita bado waifai ina tatizo la uvivu wa kuamka, sensa inalala kabisa ili kutunza betri, mlango ukifunguliwa inaamka, inatafuta rauta, inajitambulisha, inapewa anwani, hapo zimepita sekunde kadhaa na mlango umeshafungwa. Zingine zikifika hapo zinaripoti hali ya sasa hivi, yaani "nimefungwa", na wewe hupati kitu! Ukilazimika kutumia hiyo, panga meseji yako itegemee kuamka kwake, sio kama mlango uko wazi au umefungwa.

Betri nayo usiidharau. Kile kidude cha duara, CR2032, kina volti 3 na kama miliampea-saa 220, kwa Zigbee kinatosha muda mrefu kwa sababu redio yake inaamka kidogo na kulala. Kwa waifai hakifai kabisa, chipu ya waifai ikituma inavuta zaidi ya miliampea 200 kwa mkupuo na kidude kile hakiwezi kutoa hivyo, volti inaporomoka chipu inajizima. Baridi kali inakifanya kiwe kibaya zaidi. Mi nakuambia tafuta sensa inayotumia AA au AAA na uweke zile za litiamu za kutumia mara moja, zinavumilia baridi mpaka nyuzi 40 chini ya sifuri na hazivuji ovyo kama alkali. Zile za kuchaji na kisola juu yake zinaonekana za kijanja ila litiamu ya kuchaji haitakiwi kuchajiwa kwenye baridi ya chini ya sifuri, na ndani ya boksi la bati lililopigwa jua mchana kutwa inaiva, inachoka mapema. Na ukija kuniambia unataka kuitengeneza mwenyewe kwa ESP32, ile chipu ndogo ya waifai ya mafundi wa nyumbani, maana nakujua, chipu yenyewe ikilala inakula maikroampea 10 hivi lakini ile bodi nzima yenye taa nyekundu na chipu ya USB inakula mara nyingi zaidi ya hapo hata ikiwa imelala, utabadilisha betri mpaka uchoke. Ng'oa hiyo taa kwanza.

Sasa kupanga meseji zije lini, na hapa usiniharakishe, maana ndo watu wengi wanaishia na simu inayolia kila mara. "Mlango umefunguliwa" na "kuna barua" ni vitu viwili tofauti. Mi kwenye Home Assistant, ile programu inayoendesha vifaa vya nyumbani, nina kiswichi cha bandia, hakiwashi chochote, kinakumbuka tu, nimekiita BARUA IPO. Mlango ukifunguliwa mara ya kwanza kinawaka na meseji moja inakuja, moja tu, na baada ya hapo hata mlango upigwe na upepo mara kumi hainitumii nyingine kwa sababu kiswichi kimeshawaka. Nikienda kuchukua, kinazima. Inajuaje kama ni mimi na sio tarishi? Mlango wa nyumba nao una sensa, kwa hiyo kama mlango wa nyumba umefunguliwa ndani ya dakika 5 zilizopita na boksi likafunguliwa, inahesabu ni mtu wa humu ndani, inazima kiswichi na haisemi kitu. Siku ukirudi kutoka safari zako ukapitia boksi kabla hujaingia ndani itakudanganya kwamba barua imefika wakati umeishika mkononi, hiyo ivumilie tu, au weka kitufe karibu na mlango cha kuzimia. Usijaribu kuimaliza kila kona, utakesha.

Ongeza na mbili ndogo. Moja, mlango ukibaki wazi zaidi ya dakika 2 ikuambie, barua zisilowe. Ya pili ndo ile niliyoanza nayo: ikuambie YENYEWE ikipotea. Kwa Zigbee2MQTT, programu inayounganisha vifaa vya Zigbee na Home Assistant, kifaa cha betri kisipotoa sauti kwa saa 25 kinaandikwa hakipo, ila mpaka uiwashe hiyo sehemu ya kufuatilia, na watu wengi hata hawajui kama iko. Iwashe, afu iunganishe na meseji. Mi nimeipanga isubiri asubuhi ndo iniambie, sitaki kuamshwa usiku kwa ajili ya betri ya boksi la barua.

Kamera najua utaniuliza. Unaweza, ila inataka umeme, inarekodi kila anayepita njia na majirani hawatapenda, na bado haikuambii kama ndani kuna kitu. Halafu hata hii ya sensa ukichukua ile inayopitisha kila kitu kwenye seva za kampuni, elewa kuna mahali imeandikwa saa ngapi unatoka kuchukua barua na siku zipi hukutoka kabisa. Mi napendelea inayomalizana humuhumu ndani hata intaneti ikikatika. Kama boksi ni la jengo au la watu wengi, ongea na mwenye nalo kabla hujagusa drili.

Basi fanya hivi, kesho mchana nipigie picha mbili, moja mlango wazi moja mlango umefungwa ukiwa umelisogelea kabisa, nione bawaba ziko upande gani na nyufa zikoje. Halafu hesabu hatua kutoka getini mpaka dirisha la sebuleni, na uangalie kama katikati kuna ukuta wa zege au ile miti tu. Nikizipata ntakuandikia ununue ipi. Na drili yangu ukimaliza naomba irudi na biti zake zote safari hii, ile ndogo ya milimita 4 bado naitafuta.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Ni mimi rafiki yako.