Ile barua tupu ya jana ni yangu

Ujiji, Jumapili baada ya magharibi

Mama Shani mpenzi,

Salamu nyingi, na kabla hujanipigia simu kunicheka: ndiyo, ile barua pepe ya jana iliyosema "nimeambatanisha barua, isome kwa makini", halafu chini hakuna kitu, ni yangu. Niliandika maneno yote mazuri, nikabonyeza tuma, faili nimeisahau kwenye simu. Leo nimeanza na faili kwanza, maneno baadaye. Kama unayasoma haya, basi imefika.

Sisi wazima. Dagaa wapo, mawese yamepanda tena, Baba Hamisi bado anadai ile ngazi yake. Najua nimekaa kimya tangu Ramadhani na umenuna. Nuna kidogo, halafu uendelee kusoma, maana nina shida, na shida yenyewe inakuhusu.

Unaikumbuka ile orodha ya wanachama wa kikundi chetu uliyonitumia ulipohamia Tabora, watu 23? Tunaomba mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani. Fungu letu wanawake ni 4, vijana 4, wenye ulemavu 2. Mwenyekiti wetu unamjua: "Katibu si wewe? Basi karatasi zote ni zako." Nikaenda steshenari moja pale Mwanga, nikalipia saa moja, zikawa mbili. Kijana akanionyesha kile kialama cha kibanio cha karatasi, nikabonyeza, faili ikashuka, ikafunguka. Nikajaza hisa za kila mtu, namba za simu, nani kalipa na nani anakwepa. Jina la marehemu Bi Tausi nikalifuta, machozi yakanitoka palepale mbele ya watu wa fotokopi. Nikahifadhi, nikaona imekubali. Nikaenda zangu Kibirizi kupokea mzigo.

Kesho yake nafungua barua yako, nabonyeza faili: Bi Tausi karudi! Hisa hakuna, namba za simu hakuna. Orodha ileile uliyoituma wewe, kama sijawahi kuigusa.

Shoga, nilidhani nimerogwa. Kumbe kilicho kwenye barua hakiguswi. Ukikifungua unashushiwa nakala, na nakala hiyo inakaa kwenye mashine uliyoikalia, kwenye folda ya daunlodi, wala hairudi kwenye barua hata uhifadhi mara mia. Kazi yangu yote ilibaki kwenye kompyuta ya duka. Na yule kijana kila jioni kabla ya kufunga anafuta folda nzima na kumwaga kapu la taka, ili vyeti vya wateja visilale kwake. Nikataka kumfokea, nikakumbuka na cheti changu cha kuzaliwa kilipita hapohapo wiki ile.

Ananiambia, "Mama, ungejitumia mwenyewe." Nikadhani ananidhihaki. Mtu anajiandikia barua? Kumbe ndivyo wanavyofanya: ukimaliza unaipa faili jina jipya, unaiatachi kwenye barua mpya, anwani unaweka ya kwako, ndipo unainuka kwenye kiti. Au uwe na fleshi. Mimi fleshi yangu ina mahubiri ya shemeji na sithubutu kuyafuta.

Katiba ya kikundi nayo ilinitoa jasho. Niliipiga picha kurasa 9 kwa simu ya mwanangu, ile mpya, nikaziweka zote kwenye barua moja. Gmail mwisho wake MB 25, na picha zikifungwa ndani ya barua zinavimba kama theluthi hivi, hivyo hata hiyo 25 huifikii. Ikazitoa ikaweka kiungo badala yake. Afisa maendeleo akanipigia: "Mama, naona kiungo kinaniambia niombe ruhusa." Ruhusa ya nini tena, si nimekutumia mwenyewe! Na zile nilizomtumia mojamoja zote zilikuwa zinaitwa IMG na tarakimu ndefu kama namba ya king'amuzi. Hakujua ipi ukurasa wa kwanza. Mwisho nikaziskani kwa simu zikawa PDF moja, nikaiita "Katiba ya Kikundi". Ikapita bila maneno.

Lakini orodha, shoga. Orodha ndiyo inayoniuma. Nilipita pale makumbusho na wageni wa Mwalimu, nikamsikia mwongozaji akisema Stanley aliachana na Livingstone huko kwenu mwaka 1872, akabeba barua na daftari zake hadi pwani, kwa miguu, kwenye mvua na homa, zikafika. Mimi kazi yangu ya majina 23 imenipotea kati ya kiti na mlango wa steshenari.

Sasa nisaidie. Muhtasari wa kile kikao cha kubadilisha jina la kikundi uko kwako, kwenye daftari la kijani. Usinipigie picha ya WhatsApp, inafifia na muhuri hausomeki. Uuskani, uufanye PDF, uuatachi, uuite jina linaloeleweka. Na uangalie umeupandisha wote kabla ya kutuma, usiniletee barua tupu kama yangu.

Daftari bado unalo, au umefungia maandazi? Sahihi ya Mama Pili imo, au alikuwa kashaondoka? Hisa za Bi Tausi tulisema zinakwenda kwa binti yake au kwa yule mjukuu? Mimi sikumbuki, na safari hii nataka niandike mara moja tu. Hii barua imefunguka sawasawa, au maneno yamekatika pembeni? Umeihifadhi wapi? Na asali uliyoniahidi, nayo utaiatachi, au nimsubiri konda wa basi?

Wako,
Mama Zuberi