Vitabu vikongwe vya hali ya hewa visitupwe

Mhariri,

Tunawaomba walimu wa Tanga wasivitupe vitabu vya zamani vya fizikia ya hali ya hewa. Kanuni hazijazeeka, vilivyozeeka ni vipimo. Kanieneo la hewa la inchi 30 za zebaki ni kama hektopaskali 1016 za vipimo vya leo, na milibari 1 ni hektopaskali 1 ileile. Vitabu vilivyoandikwa Ulaya vikisema upepo hupinda kulia, huku kusini mwa ikweta someni kushoto. Ndiyo maana kusi hutufikia ikitoka kusini-mashariki, lakini ikishavuka ikweta huvuma kutoka kusini-magharibi.

Zoezi lenye faida kubwa ni la kupima unyevu wa hewa kwa vipimajoto viwili, kikavu na chenye utambi uliolowa, nalo ndilo huharibika zaidi. Utambi uwe wa pamba safi, ulowe maji ya mvua. Maji ya visima vya pwani mara nyingi yana chumvi: huacha gamba jeupe, uvukizi hupungua, kipimo hupanda. Kikavu kikisoma nyuzi 30 na cha utambi 26, unyevu ni karibu asilimia 73. Gamba likiifanya 26 kuwa 27, mtaandika 79! Badilisheni utambi kila wiki, na muupepee vizuri kabla ya kusoma.

Wapenzi wa elimu ya hali ya hewa,
Tanga