Acheni kuwapiga picha wazee wetu wakipokea msaada wa kanisa

Ndugu Mhariri,

Ile habari yenu ya jumapili iliyopita, ya usharika uliogawa unga, sukari na mafuta ya kupikia kwa wajane na wazee, bila shaka mnaikumbuka maana mliweka na picha kubwa, mabibi wamepangwa mstari kila mmoja kakumbatia mfuko wake, mchungaji na wazee wa kanisa wamesimama nyuma wanatabasamu. Mimi gazeti hili nalisoma tangu nikiwa binti na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja, ila ile picha imenishinda. Yule bibi wa kwanza kushoto kainamisha uso kabisa. Mpiga picha hakumuona? Na wewe mhariri hukumuona?

Mi ni mlutheri wa kuzaliwa, nimebatizwa na kukulia Kilimanjaro, na hapa Dar nimekaa kwenye kamati ya diakonia, ile huduma ya kanisa kwa wahitaji, miaka mingi, kwahiyo mtu asije akasema nalipiga vita kanisa. Kazi ambayo makanisa yamefanya nchi hii naijua, hospitali ya KCMC pale Moshi imefunguliwa 1971 chini ya Good Samaritan Foundation na mpaka leo wagonjwa wa dini zote wanapanda kule kutibiwa. Ndo maana inaniuma.

Nina shangazi yangu kule juu Moshi vijijini, mjane, miguu haimbebi vizuri na mkojo siku hizi haumsubiri, uzee ndo ulivyo. Mtoto wake mmoja amefariki, mwingine yuko Mwanza anahangaika na maisha. Sasa wakati wa Kwaresima usharika wake ukapitisha asaidiwe pampasi za watu wazima, unga na sabuni, tukafurahi sana, nikapiga na simu kushukuru. Kumbe wamekuja kundi zima na fulana za kuandikwa, na kijana wa kamera, akamwambia bibi shika hilo boksi, linyanyue kidogo maandishi yaonekane. Bibi wa watu angekataaje, wageni wako sebuleni kwake, mchungaji kashafumba macho anaomba. Jioni ileile picha iko kwenye grupu la WhatsApp la usharika, kesho yake iko Facebook, kesho kutwa imeingia kwenye grupu la ukoo wetu na maneno eti tuzidi kumuombea mama yetu. Mjukuu wake anayesoma sekondari akarudi nyumbani analia, wenzake wamemuonyesha kwenye simu. Mhariri, huyu ni mwanamke aliyeongoza umoja wa wanawake pale pale, mikungu ya ndizi aliyobeba kichwani kupeleka kwenye mnada baada ya ibada haina idadi, maziwa ya ng'ombe wake yamelea watoto wa majirani ambao mama zao walikuwa hawana kitu na hakuna hata mmoja aliyewahi kutangazwa, leo kijiji kizima kinajua anavaa nini ndani ya kitenge. Tangu siku hiyo kanisani haendi, anasali na redio. Nikampigia mtu wa ofisini kwao kuomba waifute, akanijibu kwamba wafadhili wanataka ushahidi na kwamba bibi aliridhia mwenyewe. Aliridhia! Mtu hana unga ndani, msaada umeshafika mlangoni, umemuelekezea simu usoni, hapo kuridhia kunatoka wapi? Na lile boksi lilipoisha hawakurudi tena.

Nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya ya mtu zimewekwa humo kwenye zile nyeti. Sijui kama kuna mzee wa kanisa hata mmoja aliyewahi kuelezwa habari zake. Na hao wafadhili wanaosingiziwa, mashirika ya Ulaya yenyewe yalijiwekea kanuni za picha tangu 1989, yakazipitia upya 2006, zinataka heshima ya anayepigwa picha itangulie. Nimefanya kazi kwenye miradi yao, najua wanachoomba ni hesabu zilizonyooka.

Tuache sheria, tuje kwenye Biblia ambayo wote tunaishika. Mathayo sura ya 6 inahubiriwa kila mwaka Kwaresima ikianza, habari ya sadaka ya siri, halafu wiki hiyohiyo tunatafuta betri ya kamera. Msomeni Boazi kwenye Ruthu sura ya 2. Alimuona mjane mgeni anaokota masazo shambani, akawaambia vijana wake wachomoe masuke kwenye miganda wayaache chini makusudi aokote, na wasimkemee. Yan alimpa bila kumfanya ajione amepewa. Na wale saba wa Matendo sura ya 6 walichaguliwa kwasababu kuna wajane walikuwa wanasahauliwa kwenye huduma ya kila siku. Ya kila siku, sio ya Kwaresima na Krismasi peke yake.

Na niseme na hili la bahasha za ahadi, zile za michango ambayo muumini ameahidi kanisani, maana ni ndugu yake hilohilo. Maskini siku ya kupewa anatangazwa, na siku ya kushindwa kutoa anatangazwa pia. Kuna mahali majina ya ambao hawajamaliza ahadi yanasomwa mbele ya watu. Jirani yangu mmoja alifiwa na mama yake, kitu cha kwanza alichoulizwa ofisini ni kadi ya ahadi ya marehemu, iko wapi, imelipwa mpaka mwezi gani, huku mwili uko mochwari na yeye machozi hayajakauka. Mama aliyeumwa muda mrefu, asiye na kipato, anadaiwa ahadi akiwa kwenye jeneza! Huyo si ndo alitakiwa awe kwenye orodha ya diakonia? Kwanini orodha ya wadaiwa inajulikana kwa kichwa ila orodha ya wagonjwa mpaka itafutwe kwenye makabati? Mi hapo huwa nashindwa kabisa kuelewa na nimeuliza kwenye vikao nikaambiwa mama tunza muda.

Ninachopendekeza kinafanyika jumatatu hii. Kila jumuiya ichague watu wawili, mama mmoja na baba mmoja wa makamo, wanaojulikana hawana maneno mengi. Wapeleke msaada jioni siku ya kazi, na nguo zao za kawaida, kwenye kikapu cha sokoni kama mtu aliyekuja kusalimia, wakae wanywe chai, waulize na dawa kama zipo. Anayedaiwa dukani, waende kwa mangi wafute deni kwenye daftari, bibi akienda aambiwe tu halipo tena. Na wapeleke kila mwezi, hata kidogo. Jumapili mhazini asome kaya ngapi zimefikiwa, unga kilo ngapi, shilingi ngapi, bila jina la mtu, risiti za mashine, zile za EFD, zibandikwe kwenye ubao wa matangazo kila mwenye mashaka ajisomee. Mfadhili akitaka picha mpigieni gunia, tena gunia linatoka vizuri.

Kwenu gazetini, ile picha bado ipo kwenye tovuti yenu, naomba iondolewe wiki hii. Na mkialikwa tena kwenye shughuli kama hiyo mwandishi wenu aombe kuona hizo risiti, halafu aulize mwezi uliopita walipeleka nini na mwezi ujao watapeleka nini. Habari iko hapo.

Ni mimi msomaji wenu,
Mama wa diakonia,
Ubungo, Dar es Salaam