Karatasi za askari mmoja zisitenganishwe

Ndugu Mhariri,

Katika safu hii ya barua msomaji mmoja aliuliza: mtu mweusi anatafuta nini katika vyeti vya askari wa Hitler? Hanijui wala hakunitaja, lakini swali lake limenikaa moyoni, kwa sababu hiyo ndiyo shughuli yangu ya jioni nikishafunga karakana. Naomba nafasi nimjibu, na katika kumjibu niseme neno moja kwa wanaokusanya na wanaouza karatasi hizi.

Mimi ni mama wa makamo, najalidi vitabu mjini Leipzig. Karatasi yangu ya kwanza sikuinunua. Mteja alileta Biblia ya ukoo wao, mgongo umeachia na jalada la nyuma limevimba upande mmoja. Nilipoilainisha gundi kwa mvuke na kulifunua lile jalada, nikakuta karatasi iliyokunjwa mara mbili, imefichwa kati ya ubao na karatasi ya ndani. Ilikuwa cheti cha Beji ya Majeruhi, ile nyeusi. Kulikuwa na daraja tatu: nyeusi kwa aliyejeruhiwa mara 1 au 2, ya fedha kwa mara 3 au 4, ya dhahabu kwa mara 5 na kuendelea. Cheti kilikuwa na jina, cheo, tarehe ya jeraha mwaka 1943, muhuri wa tai na sahihi ya wino. Mteja alikitazama kama mtu anayetazama panya. Akaniambia nikitupe.

Sikukitupa. Kuna mtu alikaa mezani na kisu na gundi, akapasua jalada la Biblia, akaingiza kile cheti na kulifunga tena vizuri hata wajukuu wasijue. Nilitaka kujua ni kwa nini. Mpaka leo sijajua, lakini tangu siku ile macho yangu yalifunguka.

Msomaji ambaye hajawahi kuziona karatasi hizi aelewe zilivyokuwa. Kijana aliyepimwa na kuandikishwa alipewa kitabu kiitwacho Wehrpass. Siku alipoingia kambini alikikabidhi, akapewa kingine, Soldbuch, ambacho alipaswa kuwa nacho mwilini wakati wote. Ukurasa wa 1 wa Soldbuch una namba ya kibati cha shingoni, kundi la damu na saizi ya barakoa ya gesi. Ukurasa wa 2 una urefu wake, rangi ya macho, saizi ya viatu. Ukurasa wa 5 majina ya mke na wazazi, ukurasa wa 22 nishani, na wa 23 likizo alizopewa. Wehrpass ilibaki kwa wakubwa wake, na askari akifa ilirudishwa kwa familia, siku ya kifo ikiwa imeandikwa ndani. Ndiyo maana nikikuta Wehrpass peke yake kwenye vitu vya mjane, kwanza natafuta tarehe hiyo.

Vyeti vya nishani ni karatasi ndogo, nusu ya karatasi ya kawaida ya barua. Nishani yenyewe ni bati tu; ilitengenezwa kwa maelfu na haikuandikwa jina la mtu. Cheti ndicho chenye jina, kikosi na tarehe. Watu wanalipa fedha nyingi kwa msalaba wa chuma usiojulikana ulivaliwa na nani, na karatasi inayojua kila kitu inauzwa kama nyongeza!

Sasa nifike kwenye jambo linalonikera. Miaka kadhaa iliyopita, kwenye gulio la Jumapili la vitu vya kale, nilikuta bati la biskuti. Ndani mlikuwa na karatasi za mtu mmoja: Wehrpass yake, cheti cha Msalaba wa Chuma daraja la pili, cheti cha Medali ya Mashariki, cheti cha Beji ya Majeruhi, na furushi la barua za mkewe zilizofungwa kwa uzi wa kushonea magunia. Muuzaji alitaka euro 240. Nilikuwa na 90. Nilimsihi aniwekee hadi Jumapili ijayo, akaitikia kwa kichwa.

Jumapili iliyofuata bati lilikuwa tupu, nalo linauzwa. Alikuwa amemtawanya yule askari. Msalaba wa Chuma ulikwenda kwa mmoja, Wehrpass kwa mwingine, na Medali ya Mashariki hakumbuki. Kilichobaki ni cheti cha Beji ya Majeruhi na barua, maana barua zimeandikwa kwa mwandiko wa zamani wa Kijerumani ambao wengi hawawezi kuusoma. Nikavinunua kwa euro 60. Nilirudi nyumbani na hasira ambayo hata leo nikiandika naisikia kifuani. Muuzaji hakuvunja sheria yoyote. Lakini maisha ya mtu yalikuwa yamekaa pamoja katika bati lile tangu mkewe alipoyaweka, na mtu mmoja akayakata vipande kwa wiki moja ili apate euro mia zaidi.

Nilitumia majira yote ya baridi kujifunza ule mwandiko. Barua zina mambo ya nyumbani: soksi zimefika au hazijafika, mti wa plamu umezaa mpaka tawi limevunjika, mtoto anauliza baba ana urefu gani. Mume alikuwa wapi hasa? Barua hazisemi, kwa sababu anwani ni namba ya posta ya vitani tu, tarakimu tano bila jina la mahali. Cheti cha Beji ya Majeruhi kina tarehe, hakina mahali.

Baada ya miaka miwili mkusanyaji mwenzangu wa Dresden alinionyesha karatasi zake. Alipofungua jalada la tatu nilimshika mkono. Kilikuwa cheti cha Medali ya Mashariki. Hata kabla ya kusoma jina niliitambua kutu. Kwenye pembe ya juu kushoto, upande wa nyuma, palikuwa na alama ya kibanio cha karatasi ambacho mguu wake mmoja ulikuwa umepinda kwa nje. Cheti changu kina alama ileile, mguu uleule umepinda, lakini kutu iko upande wa mbele. Sisi wajalidi tunalijua hili: kibanio huacha kutu kwenye karatasi ya kwanza na ya mwisho, zile zinazogusana na chuma. Za katikati hubaki na mbonyeo tu. Kwa hiyo cheti changu kilikuwa juu, chake kilikuwa chini, na kati yao palikuwa na karatasi nyingine. Nina hakika ni cheti cha Msalaba wa Chuma.

Mwenzangu hakutaka kuuza. Basi nikampa cheti changu na barua zote, zikae pamoja. Nilibaki na nakala.

Labda mtu ataniuliza, kwa nini kujihangaisha hivyo kwa ajili ya askari wa jeshi lile? Jibu langu ni kwamba hatujui alifanya nini, na hatujui kwa sababu Wehrpass yake iliuzwa peke yake. Medali ya Mashariki ilitolewa kwa waliokuwa vitani upande wa Urusi kati ya tarehe 15 Novemba 1941 na 15 Aprili 1942. Askari wenyewe waliiita nishani ya nyama iliyogandishwa, kwa baridi iliyowaua na kuwakata vidole. Lakini mashariki palikuwa na mambo mengi. Palikuwa na waliokuwa mstari wa mbele, na palikuwa na divisheni za ulinzi zilizokaa nyuma, ambako Wayahudi na wanavijiji waliuawa. Divisheni ya 221 ilikuwa mojawapo. Kikosi cha polisi namba 309 kilichokuwa chini yake kiliwafungia Wayahudi ndani ya sinagogi kuu la mji wa Białystok, Poland, tarehe 27 Juni 1941 na kulichoma moto. Wehrpass ndiyo ingesema mume wa yule mwandishi wa barua alikuwa divisheni gani. Bila hiyo, mti wa plamu unatuliza moyo bila haki, au tunamshuku mtu bila haki.

Zipo karatasi ambazo nishani yenyewe inatosha kukushtua. Tarehe 30 Januari 1944 ilianzishwa beji ya kupigana na waliowaita "magenge", yaani wapiganaji wa msituni: ya shaba kwa siku 20 za mapigano, ya fedha kwa 50, ya dhahabu kwa 100. Huko Belarusi vita hivyo vilikuwa na maana ya vijiji kuteketezwa. Katika kijiji cha Khatyn, tarehe 22 Machi 1943, waliuawa watu 149, na 75 kati yao walikuwa watoto. Cheti cha beji ile kinauzwa ghali sana kwa kuwa ni adimu, na nimewasikia wauzaji wakikisifu kwa uzuri wa uchapaji. Mtu anayekisifu hivyo hajakisoma.

Sasa narudi kwa aliyeuliza kuhusu mtu mweusi. Ndugu yangu, ninavyo vyeti 3 vya Msalaba wa Heshima wa Vita vya Kwanza vya Dunia, vilivyotolewa Berlin na mkuu wa polisi. Msalaba huo ulianzishwa na Rais Hindenburg tarehe 13 Julai 1934 kwa waliopigana vita vya 1914 hadi 1918. Mamilioni ya Wajerumani waliupata kwa kupeleka maombi tu. Katika mwaka huohuo aliuomba mtu mmoja aliyekuwa akiishi Berlin na kufundisha Kiswahili katika chuo kikuu cha huko: Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam mwaka 1904. Baba yake alikuwa askari wa Wajerumani, na yeye mwenyewe aliingia jeshini akiwa mtoto. Alijeruhiwa katika mapigano ya Mahiwa, kusini mwa Tanzania ya leo, mwaka 1917. Alipofika Berlin mwaka 1929 alidai mishahara ambayo yeye na baba yake hawakulipwa, akaambiwa amechelewa. Alipoomba msalaba alikataliwa, kwa kuwa ni mweusi. Akaununua mwenyewe dukani akauvaa. Mwaka 1941 alikamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke mzungu, akapelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen, akafia humo tarehe 24 Novemba 1944. Leo kuna jiwe dogo la shaba la kumkumbuka kwenye njia ya miguu, Brunnenstraße namba 193.

Kwa hiyo kila nikikitoa kimoja cha vyeti vile kwenye bahasha yake, naona pia kile ambacho hakikuandikwa. Mjerumani mwenzake wa vitani alipewa karatasi yenye muhuri. Yeye, aliyejeruhiwa katika vita hivyohivyo, hakupewa. Hilo ndilo ninalolitafuta humu.

Kuna na sababu nyingine ya karatasi za nyumbani kuwa na uzito. Hifadhi ya nyaraka za jeshi mjini Potsdam iliungua kwa mabomu Aprili 1945, na majalada ya askari wa Prussia, dola kubwa kuliko zote ndani ya Ujerumani ya wakati ule, wa vita vya kwanza yakateketea pamoja nayo. Kwa wengi wao karatasi iliyobaki ni ile iliyokuwa kabatini kwa mama. Wa vita vya pili wana nafuu kidogo, kwa sababu kumbukumbu nyingi zilizonusurika ziko katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Berlin na Freiburg, na ndugu wanaweza kuandika kuuliza.

Anayeanza kukusanya ajue pia kwamba vyeti vya bandia ni vingi. Mimi natumia taa ya urujuanimno, kama ile ya kukagulia noti: karatasi ya miaka ile hukaa kimya chini ya taa, karatasi mpya hung'aa buluu. Kisha nageuza cheti na kupapasa nyuma kwa kidole. Herufi za taipureta hubonyeza, za printa hazibonyezi. Rangi ya chai, wanayopaka ili karatasi mpya ionekane kuukuu, hainidanganyi tena. Na kwa Ujerumani, alama ya swastika kuionyesha hadharani ni kosa chini ya kifungu cha 86a cha sheria ya jinai, isipokuwa kwa elimu, utafiti, sanaa na mambo ya namna hiyo. Sheria hiyo naiunga mkono kwa moyo wote. Karatasi zangu zinakaa kwenye maboksi, hazitundikwi ukutani.

Kwa walio na karatasi za babu, awe alipigania nani: kabla ya kutoa kibanio chochote, andika kwa penseli, nyuma na pembeni, ipi ilikuwa ya kwanza, ipi ya pili. Usizipake plastiki ya moto. Usizinyooshe kwa pasi. Na kama lazima uuze, uza zote kwa mtu mmoja.

Cheti kile cha katikati bado tunakitafuta. Ni cha Msalaba wa Chuma daraja la pili. Kwenye pembe ya juu kushoto hakina kutu mbele wala nyuma, ila ukikiinamisha kwenye mwanga utaona mbonyeo wa kibanio ambacho mguu mmoja umepinda kwa nje. Msomaji atakayekiona popote, hata kama hakiuzwi, anifahamishe. Anwani yangu mhariri anayo.

Mjalidi vitabu,
Leipzig, Ujerumani