Na Dreamliner nayo ni pangaboi

Mhariri,

Nimekuwa msomaji wenu miaka mingi na sijawahi kuwaandikia, ila ile habari ya "mapangaboi" imenishinda kuinyamazia. Mwandishi wenu kazikejeli Q400, ndege za propela zilizoanza kuletwa nchini 2016, eti hazina injini za maana, ni mitambo ya enzi za babu. Juu ya habari kaweka picha ya ndege ya injini nne. Q400 ina mbili.

Shemeji yangu wa Songea alikuwa na tiketi ya kuja Dar kutibiwa macho. Kaisoma habari hiyo, kagoma kupanda. Kaja kwa basi, kafika miguu imevimba, daktari keshaondoka, na nauli ya ndege haikurudishwa. Nilimweleza yeye, na wewe nakueleza, maana nimeshika spana kwenye injini mpaka nikastaafu: ndani ya injini ya Q400 mna turbaini, yaani magurudumu yenye mapanga madogo madogo! Hewa inavutwa, kompresa inaikandamiza, mafuta yanachomwa humo humo, gesi ya moto inatoka kwa kasi na kuzungusha turbaini. Za mbele zinaendesha kompresa, za nyuma zinaendesha propela ya mapanga sita kupitia giaboksi, nguvu farasi kama 5,000 kila upande. Na hiyo Dreamliner, Boeing kubwa mnayoisifu? Ichungulie kwa mbele ikiwa imezimwa. Utakutana na feni yenye kipenyo cha mita 2.8 na ushee. Hewa ikishapita hapo, fungu moja tu ndilo linaloingia ndani kuchomwa. Mafungu kama kumi yanapita pembeni, yakisukumwa nyuma na feni. Feni ikiisukuma hewa nyuma, hewa nayo inaisukuma ndege mbele. Mwanasayansi Newton alishalimaliza hilo mwaka 1687. Sehemu kubwa ya msukumo inatoka kwenye feni, si kwenye moto mnaouchora kila siku. Ni pangaboi lililovishwa pipa, basi.

Nafasi ya kumuuliza fundi hamkuwa nayo, lakini mikeka ya mpira ina kurasa nzima nzima, na bei ya gazeti mmepandisha.

Mnunulieni mwandishi feni ya mezani. Aifunge juu ya kigari chepesi cha magurudumu manne, aiwashe, aone upepo unakwenda wapi na kigari kinakwenda wapi. Waya uwe mrefu na uliolegea, asije akaandika kwamba kimevutwa na umeme.

Fundi mstaafu,
Kipawa, Dar es Salaam